Siku Sita Kigoma, Ngoma Zikiwa Zimenyamaza

Jumanne, Machi 4, 2025

Tumeondoka Tabora usiku, wanawake watano, daraja la pili kukaa. Mizigo yetu ni asali galoni mbili, mavazi ya maigizo kwenye viroba, na ngoma moja badala ya tatu. Mbili tumeziacha nyumbani kwa Shangazi, kwa sababu Ramadhani imeingia na Ujiji tunakokwenda ngoma haipigwi mwezi huu. Shangazi si shangazi wa damu. Ndiye aliyetufundisha wote kusimama mbele za watu, akatuzoesha kumwita hivyo, na hata waume zetu humwita Shangazi.

Mkutano wetu hauna jina wala mfadhili. Kila mwaka, siku chache kabla ya Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, vikundi vya wanawake wa sanaa na harakati vya huku magharibi hukutana mahali pamoja, kila kikundi na kazi yake: igizo, shairi, utenzi, hadithi ya kusimulia. Tunachangishana nauli. Wenyeji wanatulaza na kutulisha. Mwaka huu ni zamu ya Kigoma, na nilitaka mno tusikose, kwa sababu imetimia miaka 30 tangu mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing 1995. Ule mkutano uliongozwa na Mtanzania, Mama Getrude Mongella, akiwa Katibu Mkuu wake. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka neno lenyewe lilivyofika mtaani kwetu Ng'ambo. Mwanamke akijibu mume wake mbele za watu, waliambizana, "Huyo katoka Beijing." Lilikuwa neno la kumkomesha. Mama yangu alilipokea kama sifa.

Urambo, simu ikaita. Wenyeji wetu wanasema ukumbi tulioahidiwa umeondolewa. Mwenyewe alisikia neno "wanaharakati" akasema hataki matatizo. Barua ya kata tulikuwa nayo, malipo ya awali yalikwishatolewa, na bado. Nilikasirika hadi usingizi ukanikataa. Shangazi akasema tu, "Tutakaa chini ya mwembe," akajifunika kitenge akalala.

Jumatano, Machi 5

Mapambazuko yalitukuta bado njiani. Mto Malagarasi umefura na maji yana rangi ya chai ya maziwa. Kwenye stesheni kina mama wanauza uyoga wa porini kwenye sahani za bati, karanga za kuchemsha, mihogo. Uvinza, chumvi. Anayeijua reli hii kwa harufu hahitaji kusoma vibao. Wajerumani waliifikisha Tabora 1912 na Kigoma 1914, na nadhani tangu siku ile ya kwanza kuna mwanamke amesimama kando yake na sahani kichwani.

Leo pia ni Jumatano ya Majivu. Kwaresima imeanza na Ramadhani ikiwa ndiyo kwanza imeingia, kwa hiyo karibu kila tunayekutana naye amefunga. Tulipoteremka Kigoma, mmoja wetu akaomba tupitie kanisani kwanza. Akarudi na alama ya majivu kwenye paji la uso, na wenyeji wetu, wengi wao Waislamu, wakatupokea nje ya lango. "Mwakeye!" wakasema kwa Kiha. Sisi tukajibu kwa "Mwangaluka" yetu ya Kinyamwezi. Tukacheka pamoja.

Tumelazwa Mwanga, mtaa wa hapa mjini, vyumba viwili, magodoro sakafuni. Jioni tulipanga upya ratiba. Maonyesho ya hadhara yatakuwa asubuhi, kabla jua halijawachosha waliofunga. Mazungumzo yatakuwa usiku, baada ya futari na tarawehe. Hakuna ngoma, hakuna vigelegele. Nilihofia kazi zetu zitakuwa kama chakula kisicho na chumvi.

Alhamisi, Machi 6

Kibirizi. Tulifika alfajiri mitumbwi ikiingia. Mwezi bado mchanga, na usiku wa giza ndio usiku wa dagaa: wavuvi huwasha taa, dagaa hufuata mwanga, nyavu huinuliwa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haivuti kitu na watu hukaa nyumbani. Wanaume huvua, na dagaa wakishagusa nchi kavu kazi inakuwa ya wanawake: kupokea, kupatana bei, kubeba, kuanika, kugeuza, kukimbia na maturubai mvua ikitishia. Machi ni mwezi wa mvua. Mara mbili tukiwa pale wingu lilikuja na kila mwanamke aliacha alichokuwa akisema katikati ya neno.

Tulikuja na igizo la mjane, lakini wenyewe wakatuuliza kama tuna la mkopo. Hatukuwa nalo, tukalitunga pale pale kwa kuwasikiliza.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi ili samaki wazaliane. Miezi mitatu. Sababu yenyewe hawaipingi. Mama mmoja alituambia anakumbuka ndoo ya dagaa ilivyokuwa ikijaa zamani, na anajua ziwa limechoka. Lakini mjadala ulisikika zaidi ukihusu wavuvi, na mwanikaji wa dagaa hana mtumbwi wala leseni, ana mikono yake na mtaji wa jana. Dagaa walipokosekana, wengi walikimbilia mikopo ya kausha damu, ile ya kulipa kila siku au kila wiki, ambayo mkopeshaji asipolipwa anachukua godoro, jiko, televisheni. Mmoja alichukuliwa sufuria lenye maharage jikoni. Walimwaga maharage, wakaondoka na sufuria.

Tukaigiza hilo la sufuria. Mwenzetu mmoja akawa mkopeshaji, mimi mama wa nyumba. Mtindo wetu ni ule wa sanaa shirikishi, ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliupeleka vijijini tangu miaka ya 1980, Malya na kwingineko: igizo linasimamishwa palipobana, na mtazamaji anaitwa aingie achukue nafasi. Mkopeshaji ameshika sufuria, Shangazi akapiga kofi moja. Simama! Nani anaingia?

Aliingia mama mnene mwenye magamba ya samaki mikononi. Hakunigusa mimi. Alikwenda kwa mkopeshaji, akamwambia, "Mwanangu, toa karatasi tuliyosaini." Mkopeshaji wetu hakujiandaa kwa hilo, akababaika. "Toa. Riba iliandikwa ngapi? Nani alishuhudia? Mbona nakala yangu sina?" Kisha akawageukia wenzake, na igizo likaisha hapo, likawa mkutano. Waliulizana nani ana nakala ya mkataba wake. Mikono miwili tu iliinuka kati ya wanawake kama arobaini.

Kwa robo saa hiyo tu, safari yote ilistahili. Tulipoondoka walikuwa wanachagua wa kumfuata mtendaji.

Ijumaa, Machi 7

Ujiji. Wageni hupelekwa kuona mahali Stanley alipokutana na Livingstone 1871. Sisi tulikwenda uani kwa Bibi.

Bibi amepita miaka themanini. Alikuwa mtu wa ngoma za wanawake enzi zake, chama chenye viongozi, sare, mchango wa kila wiki, na faini kwa aliyechelewa. Alipokuwa anaeleza nilijikuta nikiwaza Bibi Titi Mohamed. Kabla ya siasa naye alikuwa mwimbaji wa ngoma Dar es Salaam, katika kikundi cha Bomba. Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza aliwauliza viongozi wa TANU wanawake wenu wako wapi, na jibu halikuwepo. Akatafutwa Titi. Hakuanza na hotuba: alipita kwa viongozi wa vyama vya ngoma, akawaomba wakusanye watu wao, na katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa na kadi. Mwanahistoria Susan Geiger alikuja kuwahoji wanawake wa kizazi kile, akakuta wengi walikuwa Waislamu wa makamo ambao shule hawakuiona sana. Watu kama Bibi huyu. Nikisikia kijana anasema utetezi wa haki za wanawake tumeletewa na wazungu, natamani nimkalishe uani Ujiji jioni moja.

Jua la Kigoma linachelewa kuzama kuliko la Dar kwa zaidi ya nusu saa, na siku ya kufunga nusu saa hiyo ni ndefu. Ilikaribia saa moja na robo tukasikia adhana. Tende, uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, migebuka ya kukaanga, na mchuzi wa mawese uliotia kila kitu rangi. Waliofunga kwa Kwaresima na waliofunga kwa Ramadhani walinawa kwenye beseni moja.

Sasa niandike lililotokea baada ya hapo, nalo ndilo sababu ya mimi kuweka kumbukumbu hizi.

Tulikuwa na fundi cherehani, kijana wa hapa mjini aliyetushonea mavazi na akakataa kulipwa zaidi ya bei ya uzi. Alikuja na viroba vya nguo, Bibi akamkaribisha ale. Bibi alipomwona rafiki yake wa siku nyingi anaingia mlangoni akapaza sauti kwa furaha, "Shoga yangu! Umeniacha nifuturu na wageni!"

Kijana alishtuka hadi kikombe kikamponyoka mkononi.

Bibi hakuelewa. Kwake shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke, basi. Unayemwazima kanga na unayemwambia la mumeo. Ndivyo mabibi zetu walivyolitumia neno hili na wengine bado wanalitumia. Mtaani sasa ni jiwe la kumrushia mwanaume. Kijana aliomba radhi kwa kikombe, akaokota vipande, akatoka nje. Nikamfuata.

Alinieleza mengi, na mengi sitayaandika. Nitaandika haya tu. Alifukuzwa nyumbani akiwa na miaka kumi na saba. Siku moja alikwenda kutibiwa, na mhudumu akawaita wenzake waje wamtazame, tangu hapo hununua dawa dukani kwa kukisia. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha makosa ya kinyume cha maumbile, anakijua kwa moyo. Waingereza ndio waliotuachia kosa hilo, na mwaka 1998 sheria ya makosa ya kujamiiana ikaongeza adhabu: kifungo cha miaka 30 au maisha. Sheria hiyo hiyo ya 1998 ndiyo sisi wanaharakati wa wanawake tulishangilia, kwa sababu ilikaza adhabu ya ubakaji. Sikuwahi kuisoma hadi upande wake huo mwingine. Niliona aibu, nimesimama pale kwenye giza la uani na vipande vya kikombe.

Akauliza kama anaweza kuja kesho. Asionekane, asitajwe, asiseme, asikilize tu.

Usiku tulibishana Mwanga hadi saa saba. Mwenzetu mmoja, ambaye nampenda na namheshimu, alisema waziwazi: tumehangaika miaka mingi watu wakubali kwamba hatuji kuvunja ndoa zao, tukiingiza hili tutafungiwa kila mlango, na watakaoumia ni wajane na mabinti. Akasema pia dini yake haimruhusu. Simdharau. Hofu yake ina msingi: ukumbi tumeshanyang'anywa kwa neno moja tu. Na sote tunakumbuka Februari 2017, wizara ilipozuia huduma za UKIMWI katika vituo 40 kwa madai ya kueneza ushoga, na waliokosa huduma hawakuwa watu wa aina moja. Lakini mimi nilisema, na narudia hapa, kwamba hoja ya "ngojeni kwanza, zamu yenu bado" ndiyo tuliyoambiwa sisi wenyewe kila mara, na sijawahi kuona zamu ikija kwa kungojwa. Mtu anapigwa kwa sababu hakuwa mwanaume wa namna inayotakiwa. Fimbo ni ile ile inayompiga binti asiyekuwa mwanamke wa namna inayotakiwa.

Shangazi alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Nani amewahi kuulizwa mlangoni kwetu analala na nani?" Kimya. "Basi aje. Picha hazipigwi, majina hayaandikwi. Kwa mtu yeyote, si kwake tu." Akazima taa.

Jumamosi, Machi 8

Sherehe za kitaifa zilikuwa Arusha. Sisi tulikuwa chini ya mwembe, kwenye kiwanja cha nyumba ya mmoja wa wenyeji, mikeka kumi na mbili, watu sijui sabini.

Igizo la mjane lilikwenda vizuri na sitalieleza lote. Mwanasheria wa kujitolea alikaa baada yake kueleza mambo kwa Kiswahili kinachoeleweka: kwamba sheria za ardhi za 1999 zinampa mwanamke haki sawa ya kumiliki, lakini tangazo la sheria za mila la 1963 bado linamweka mjane pembeni kwenye urithi. Kwamba wajane wawili wa nchi hii walikwenda mahakamani, Mahakama Kuu ikakiri 2006 kuwa mila hiyo ni ya kibaguzi lakini isiifute, na mwezi kama huu miaka 10 iliyopita kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ikawapa haki. Na kwamba Mahakama ya Rufani ilithibitisha 2019 kuwa vifungu vinavyoruhusu binti kuolewa na miaka 15 vinakiuka Katiba, lakini hadi leo Bunge halijavirekebisha. Binti mmoja wa sare ya shule akauliza, "Sasa kama mahakama imesema, wanangoja nini?" Mwanasheria alivua miwani akaifuta. Alisema ukweli, kwamba jibu la kisheria hana.

Alasiri watu walipumzika. Usiku, baada ya tarawehe, tulibaki kama thelathini, ndani, mapazia yameshushwa, na hapo ndipo tulipofanya la kapu.

La kapu ni hivi: kila mtu anaandika jambo ambalo hajawahi kulisema, kwa mistari michache, herufi kubwa ili mwandiko usijulikane. Asiyejua kuandika anamnong'oneza Shangazi, naye anaandika. Karatasi zinachanganywa, kila mmoja anachomoa moja isiyo yake, anaisoma kwa sauti kama vile ni yake. Hakuna maswali. Hakuna makofi. Bila ngoma na vigelegele kimya kilikuwa kizito, na nikaelewa kwamba hofu yangu ya Jumatano haikuwa na msingi. Kulikuwa na karatasi ya mwanamke aliyezaa watoto saba na hakumtaka hata mmoja, na anawapenda wote. Kulikuwa na ya mtu aliyeiba mchango wa kikoba akamzika mamaye nao. Mmoja aliandika maneno matatu tu: BADO NAMWOGOPA BABA.

Mama wa Kibirizi, yule wa magamba ya samaki, alikuja kama alivyoahidi. Anasoma polepole, kwa kidole. Akachomoa, akasoma:

"Nimeshona nguo za harusi ishirini na saba. Nimeshona za bibi arusi na za mama mkwe. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi moyo wangu umelala wapi, na siku wakijua wataniuliza kwa mawe."

Alipofika kwenye mawe alirudi nyuma akasoma mstari ule tena, kana kwamba kidole kilikuwa kimepotea. Kisha akaishika karatasi kifuani mwake, akasema, "Huyu ni mtoto wa mtu." Kanuni inakataza kusema chochote. Shangazi hakumkumbusha.

Sikuthubutu kutazama kona aliyokaa kijana. Nilimtazama mwenzangu tuliyebishana naye. Alikuwa anatazama mkeka.

Jumapili, Machi 9

Stesheni, mvua. Wenyeji walikuja na dagaa waliofungwa kwenye magazeti, chupa za mawese zilizofungwa plastiki mara tatu na bado zinavuja. Kijana alileta kiroba cha mavazi, yamefuliwa na kupigwa pasi, yale yaliyochanika Kibirizi yameshonwa. Tulisalimiana kama watu waliokutana kwa biashara, kwa sababu stesheni ina macho.

Bibi hakuweza kuja. Alimtuma mjukuu wake na doti moja ya kanga iliyokwisha kukatwa vipande viwili. Kipande kimoja changu. Kingine, mjukuu alisema, "Ni cha yule aliyevunja kikombe. Bibi amesema mwambie hivi: ni sare na mgeni wa Tabora, na kikombe hakikuwa cha maana." Kijana alikipokea kwa mikono miwili, akakitia ndani ya shati, akafunga vifungo hadi shingoni. Akaondoka kabla ya treni.

Tumepita Uvinza sasa na giza linaingia. Mwenzangu amekaa mkabala nami tangu Kigoma bila kusema mengi. Msimamo wake haujabadilika, ameniambia hivyo na ninamwamini. Lakini punde hivi alinyoosha mkono akaomba aione kanga. Akaifungua magotini, akatafuta jina lake kwenye pindo, akalisoma kwa midomo tu. Kisha akaikunja upya, kona kwa kona, vizuri kuliko nilivyokuwa nimeikunja mimi, akanirudishia.